Haramia, Kufuli na Mnunuzi: Uhakiki wa Istilahi Nne za Kunakili Michezo ya Kompyuta

1. Utangulizi

Mwaka jana mfasiri mmoja alituletea kurasa chache alizokuwa akizitafsiri. Kurasa hizo zilieleza historia ya mapambano baina ya kampuni zinazotengeneza michezo ya kompyuta na watu wanaoinakili michezo hiyo bila ruhusa. Alitaka tumpitishie istilahi nne: "uharamia", "kinga ya nakala", "kuvunja" na "kununua". Tulizisoma kwa asubuhi moja, tukaona kwamba zinaeleweka na kwamba magazeti yamekwisha kuzizoea, tukazitia alama ya kukubali.

Baada ya miezi michache mfasiri yule alirudi na swali lililotutahayarisha. Katika kurasa zake mlikuwa na habari ya kesi iliyoamuliwa nchini Australia, ambamo mshtakiwa alishinda kwa sababu chombo alichodaiwa kukiingilia hakikuwa kikizuia kunakili hata kidogo. "Sasa niandikeje?" akauliza. "Kwamba mahakama imeona kinga ya nakala si kinga ya nakala?" Hatukuwa na jibu la kumpa siku ile.

Makala haya, basi, ni uhakiki wa uamuzi wetu wenyewe. Tutazichukua istilahi zile nne moja baada ya nyingine na kuzipima kwa historia ya jambo linalotajwa. Huenda msomaji akasema kwamba michezo ni mambo ya watoto, na kwamba maofisa wa istilahi wana kazi kubwa zaidi za kufanya. Twamwomba asubiri kidogo. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimetambuliwa nchini Tanzania kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Neno tunaloliacha lipite leo katika habari za michezo laweza kesho kuwamo katika kifungu cha sheria, na hapo halitakuwa mchezo tena.

2. "Uharamia"

Haramia, katika Kiswahili, ni mnyang'anyi, na hasa mnyang'anyi wa baharini. Neno lenyewe ni ndugu wa "haramu". Kwa hiyo msikilizaji hahitaji kuambiwa kwamba tendo ni baya, maana hukumu imo ndani ya neno. Tena unyang'anyi una alama mbili zinazojulikana: nguvu hutumika, na aliyenyang'anywa hubaki mikono mitupu. Anayenakili mchezo hatumii nguvu, wala mwenye mchezo habaki bila mchezo wake. Anachokosa ni malipo ambayo pengine angeyapata. Hasara hiyo ni ya kweli na hatuidharau, lakini si hasara ya nahodha aliyenyang'anywa jahazi na shehena yake.

Waingereza walianza kumwita haramia mtu achapaye vitabu vya wenzake bila ruhusa tangu karne ya 17. Kwao lilikuwa tusi la kisitiari, na kila msomaji alijua kwamba ni sitiari. Sisi tumelipokea likiwa limekwisha kukomaa, tukalisimamisha kuwa istilahi. Sitiari ikiwa katika shairi hupendeza. Ikiwa katika sheria hutaka uangalifu, kwa kuwa hakimu hasomi sitiari bali husoma kosa. Na kosa la uharamia wa baharini lipo tayari katika sheria za nchi zetu, likiwa na maana yake na adhabu yake.

Lakini sababu kubwa ya kulitilia shaka neno hili si asili yake. Ni kwamba linatia katika kapu moja matendo ambayo historia inatuonyesha kuwa ni mbalimbali.

Tarehe 3 Februari 1976 Bill Gates, aliyekuwa kijana wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta wa Marekani. Programu aliyoiandika pamoja na wenzake kwa ajili ya kompyuta iitwayo Altair ilikuwa ikipita mkono kwa mkono. Alidai kwamba waliokuwa wameinunua hawakufika asilimia 10 ya wenye kompyuta hizo, na kwamba malipo aliyoyapata hayakufikia hata dola 2 kwa kila saa ya kazi. Alitumia neno la wizi, waziwazi. Wengi wa wale aliowaandikia hawakuwa wakiuza nakala zao. Walikuwa wakigawiana kama watu wa chama kimoja wanavyogawiana mbegu.

Mwaka 1982 kompyuta ndogo ya ZX Spectrum ilianza kuuzwa Uingereza. Michezo yake ilihifadhiwa katika kaseti za kawaida, zilezile zinazotumika kwa muziki. Mtoto mwenye redio kaseti mbili na waya mmoja aliweza kumnakilia jirani yake mchezo mzima kwa dakika chache. Kisha zikaja redio zenye nafasi mbili za kaseti, zinazonakili kwa kasi maradufu, na wenye kampuni za muziki wakaishtaki kampuni ya Amstrad iliyokuwa ikiziuza. Kesi hiyo ilifika mpaka kwenye mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, na mwaka 1988 ikaamuliwa kwa maana ya neno moja: "kuidhinisha". Mabwana wale walisema kwamba kumpa mtu uwezo wa kutenda jambo si kumwidhinishia kulitenda. Amstrad ikashinda.

Basi tunao mtoto anayemnakilia jirani. Tunaye vilevile mfanyabiashara anayetoa nakala elfu kwa mashine na kuziuza sokoni. Na mwishoni tutamwona mtunza maktaba anayenakili diski kuukuu ili isipotee. Je, wote watatu ni maharamia? Sheria inaweza kuwatendea kwa namna tatu, na nchi nyingi ndivyo zinavyofanya. Lugha yetu inalo neno kwa kila mmoja wao, na maneno hayo hayakuhitaji kamati: wa kwanza "ananakili", wa pili "anadurufu", wa tatu "anahifadhi nakala". Kila karani aliyewahi kuzungusha mpini wa mashine ya kudurufu anajua tofauti ya kunakili barua moja na kutoa nakala mia. Maneno haya yamekaa ghalani mwetu miaka mingi. Sisi tulikwenda kuazima upanga wa haramia.

Wenye kampuni za michezo wenyewe hawakuliogopa neno hili kama tunavyoliogopa sisi. Mwaka 1990 kampuni ya Lucasfilm Games ilitoa mchezo uitwao The Secret of Monkey Island, unaomhusu kijana ambaye tamaa yake kubwa ni kuwa haramia. Ndani ya boksi la mchezo mlikuwa na gurudumu la karatasi ngumu lenye nyuso za maharamia zilizokatwa nusu mbili. Mchezaji alitakiwa kuunganisha uso kama ule ulioonyeshwa kwenye kompyuta na kusoma mwaka uliojitokeza. Asipokuwa na gurudumu, hachezi. Mnunuzi halali, kwa hiyo, alithibitisha kwamba yeye si haramia kwa kuwatambua maharamia, ili apate kucheza uharamia. Katika mzaha neno limekaa vizuri sana, na huko ndiko tunakopendekeza libaki, pamoja na magazetini.

3. "Kinga ya nakala"

Istilahi hii ndiyo iliyotuletea aibu, na kasoro zake ni mbili.

Kasoro ya kwanza ni ya kisarufi. Kihusishi "-a" hubeba uhusiano zaidi ya mmoja. "Kinga ya malaria" ni kinga dhidi ya malaria. "Kinga ya mbunge" ni kinga aliyo nayo mbunge. Je, "kinga ya nakala" ni kinga dhidi ya nakala, au ni kinga iliyopewa nakala? Msomaji makini anaweza kulielewa kwa njia zote mbili, na zinapingana.

Kasoro ya pili ni ya kimaana, na ni nzito zaidi. Istilahi hii inadai kwamba jambo linalozuiwa ni kunakili. Historia inasema kwamba mara nyingi sivyo.

Tuchukue mchezo wa Jet Set Willy, uliotolewa Uingereza mwaka 1984. Kaseti yake iliambatana na kadi yenye miraba mingi ya rangi. Kila mchezo ulipoanza, kompyuta iliuliza rangi za mahali fulani katika kadi. Kaseti yenyewe ilinakilika kama kaseti nyingine yoyote. Kilichokuwa kigumu kunakili ni kadi, kwa sababu katika miaka ile mashine za kutoa nakala za rangi zilikuwa adimu. Mwaka uliofuata ukaja ujanja ulioitwa Lenslok, uliotumika katika mchezo wa Elite wa Spectrum. Herufi zilionekana kwenye televisheni zikiwa zimevurugwa, na mchezaji alizisoma kwa kupitia kipande cha lenzi ya plastiki alichopewa ndani ya boksi. Televisheni ikiwa na ukubwa usiofaa, herufi hazisomeki. Tena baadhi ya wanunuzi walikuta ndani ya boksi lenzi ya mchezo mwingine. Walikuwa wamelipa fedha zao zote, na mlango ukafungwa mbele yao. Hapa napo, nakala haikuzuiwa. Kilichozuiwa ni kucheza.

Mfano wa pili ni mashine ya Nintendo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1985. Ndani ya mashine mlikuwa na chipu, na ndani ya kila kibweta cha mchezo chipu mwenzake. Chipu hizo mbili zilipeana ishara kama walinzi wawili wanaopeana neno la siri. Zisipoafikiana, mashine haifanyi kazi. Chipu hiyo ilimkwaza aliyedurufu vibweta, lakini ilimkwaza vilevile mtengenezaji aliyebuni mchezo wake mwenyewe bila kunakili mstari hata mmoja wa mtu mwingine. Asiyekuwa na leseni ya Nintendo hakuweza kuingia sokoni. Kampuni ya Atari Games ilijaribu kuielewa siri ya chipu hiyo ikashindwa. Mwaka 1988 ikaenda kwenye ofisi ya serikali inayosajili hakimiliki, ikaeleza kwamba ina kesi mahakamani ilhali kesi haikuwapo, ikapewa nakala ya programu ya Nintendo. Mwaka 1992 mahakama ya rufani iliizuia Atari Games isiendelee. Lakini mahakama hiyohiyo ilisema pia kwamba kuichunguza programu uliyoipata kihalali, ili kuelewa namna inavyofanya kazi, kunaweza kuwa matumizi halali. Je, tuiite chipu hiyo "kinga ya nakala"? Ilikuwa kufuli la soko.

Tunafika sasa kwenye kesi ya mfasiri wetu. Mashine ya PlayStation ya kampuni ya Sony, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1994, ilitumia diski ambazo mtu aliweza kuzinakili kwa kompyuta ya kawaida. Lakini kila diski halali ilikuwa na msimbo uliotiwa kiwandani kwa namna ambayo mashine za kawaida za kunakilia hazikuweza kuutoa. Mashine ya PlayStation ilitafuta msimbo huo kwanza, usipokuwapo, haichezi. Zaidi ya hayo, msimbo ulitofautiana kwa maeneo ya dunia, hata diski halali iliyonunuliwa Japani haikuchezeka katika mashine iliyonunuliwa Australia. Mtu mmoja wa Sydney, aliyeitwa Stevens, alikuwa akiuza na kufunga chipu ndogo iliyoifanya mashine izikubali diski zote. Sony ikamshtaki.

Sheria ya Australia wakati ule ilikataza kuuza chombo cha kutegua kile ilichokiita, kwa maneno yetu, hatua ya kiteknolojia ya ulinzi, na ikaieleza hatua hiyo kuwa ni chombo kilichoundwa ili kuzuia au kukwamiza uvunjaji wa hakimiliki. Jaji wa kwanza alimpa ushindi Stevens. Mahakama ya rufani ikampa Sony. Na mwezi wa Oktoba 2005 Mahakama Kuu ya Australia, majaji wote sita kwa kauli moja, ikamrudishia Stevens ushindi. Sababu yao ni ya kiistilahi kabisa. Hakimiliki, walisema, huvunjwa pale diski inaponakiliwa. Kufuli la Sony halizuii tendo hilo. Linangoja nakala imekwisha kufanywa ndipo linakataa kuicheza. Kuifanya nakala isiwe na faida si sawa na kuizuia isifanywe.

Linganisha na Uingereza. Mwaka 1988 Bunge la nchi hiyo lilikuwa limeandika ufafanuzi wake kwa maneno mengine, na mwaka 2004 mahakama huko iliipa Sony ushindi juu ya mtu aliyeuza chipu za namna hiyohiyo. Mashine ni ile ile, na ujanja ni ule ule. Maneno ya sheria ni tofauti, na hukumu ikawa tofauti.

Australia haikukaa kimya. Mwaka 2006 Bunge lake lilibadilisha sheria na kuandika ufafanuzi mbalimbali, likitaja waziwazi kufuli linalozuia kufikia kazi. Tena liliondoa katika ulinzi huo makufuli yanayogawa masoko kwa kuzuia diski halali ya nchi nyingine isichezwe. Yaani Bunge zima liliketi kufanya kazi ambayo ofisa wa istilahi anapaswa kuifanya mezani pake: kutenganisha dhana.

Pendekezo letu ni kuiacha "kinga ya nakala" na kuwa na istilahi mbili zilizo wazi. "Kizuizi cha kunakili" kiwe ni kile kinachozuia nakala isifanyike au kuiharibu inapofanyika. "Kizuizi cha kutumia" kiwe ni kile kinachoiacha nakala ifanyike lakini kinazuia isitumike. Kwa istilahi hizo mfasiri wetu anaweza kuandika bila kigugumizi: mahakama iliona kwamba chombo hicho ni kizuizi cha kutumia, wala si kizuizi cha kunakili.

4. "Kuvunja"

Kitendo cha kukishinda kizuizi kimezoea kuitwa "kuvunja". Neno hili ni la mkopo wa tafsiri, na linaleta uzito usiohitajika. Katika Kiswahili mtu huvunja nyumba, huvunja sheria, huvunja ahadi. Mara tu tunaposema kwamba fulani amevunja ulinzi, tumekwisha kumtia hatiani kabla hajajibu.

Lakini historia ya jambo hili ina watu walioshinda vizuizi na mahakama ikawaona hawana kosa. Kampuni ndogo ya Accolade iliifumua programu ya michezo ya Sega ili kujua namna ya kuifanya michezo yake yenyewe ikubalike katika mashine ya Sega. Iligundua kwamba mashine mpya hutafuta ndani ya mchezo herufi nne za jina la Sega. Ikizikuta, hufungua mlango na papo hapo huonyesha tangazo kwamba mchezo umetengenezwa na Sega au kwa leseni yake. Accolade ikaziweka herufi hizo. Sega ikalalamika kwamba tangazo lile ni la uongo. Mwaka 1992 mahakama ya rufani ilikubali kwamba ni la uongo, lakini ikasema kwamba mwenye kulisema uongo huo ni mashine ya Sega yenyewe, na kwamba kuifumua programu ili kupata yale yasiyolindwa na hakimiliki kulikuwa matumizi halali. Hapakuvunjwa kitu.

Kiswahili kina kitenzi kinacholingana na tendo hili kana kwamba kililingoja: "kutegua". Mtego hutegwa na hutegukiwa. Mtu huutegua mtego, huitegua bomu, hukitegua kitendawili. Kutegua kunataka akili, hakutaki nguvu. Na kutegua hakusemi kama mteguaji ana haki au hana. Mwenye shamba anaweza kuutegua mtego wake, na mwizi anaweza kuutegua mtego wa mwenzake. Hukumu inabaki mahali pake, kwa hakimu.

Neno hilo litatusaidia hata tunapoeleza jambo ambalo walimu wa historia ya sanaa watalipenda. Vijana wa Ulaya waliotegua michezo ya Commodore 64 katika miaka ya 1980 walizoea kutia mwanzoni mwa mchezo majina yao, picha na muziki, kama fundi anavyotia alama yake katika mlango aliouchonga. Baadaye wengine waliacha michezo ya watu wakabaki na picha na muziki peke yake, na sanaa kamili ikazaliwa. Mwaka 2020 Finland iliiingiza sanaa hiyo katika orodha ya urithi wake wa kitamaduni usioshikika, na Ujerumani ikafuata mwaka 2021. Hatuwezi kuandika historia hiyo tukiwa na neno "wavunjaji" peke yake.

5. "Kununua"

Istilahi ya nne ilitupita kwa sababu haikuonekana kuwa istilahi. Nani asiyejua kununua? Mnunuzi hutoa fedha, huchukua kitu, kitu kinakuwa chake. Kaseti ya mwaka 1982 ilinunuliwa hivyo.

Mambo yalibadilika kizuizi kilipohama kutoka kwenye boksi kwenda kwenye intaneti. Mwezi wa Septemba 2008 mchezo wa Spore ulitolewa ukiwa na kizuizi kilichomruhusu mnunuzi kuusajili mara tatu tu. Wanunuzi walipiga kelele, na idadi ikaongezwa kuwa tano. Waliochukua nakala iliyoteguliwa hawakuwa na mpaka wowote. Mwaka 2010 mchezo wa Assassin's Creed II ulitaka kompyuta iwe imeungwa na intaneti wakati wote wa kucheza. Mwezi wa Machi seva za kampuni zilizidiwa, na waliolipa wakafungiwa nje ya mchezo wao. Yule ambaye kufuli liliwekwa kwa ajili yake hakuguswa. Tarehe 31 Machi 2024 seva za mchezo wa The Crew, uliotolewa mwaka 2014, zilizimwa kabisa. Aliyekuwa na diski mkononi alibaki na kipande cha plastiki.

Katika mwaka huohuo jimbo la California lilitunga sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Inamkataza mwuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno la kununua pale anapotoa leseni tu ambayo inaweza kuondolewa, isipokuwa kwanza amweleze mteja ukweli huo waziwazi. Kwa mara nyingine bunge limelazimika kukaa juu ya neno.

Kwetu tatizo lina sura ya ziada. Lugha nyingine huiita haki ya mwandishi kwa jina linalotokana na kunakili. Sisi tunaiita "hakimiliki", na ndivyo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inavyoitwa. Neno hili limekwisha kuota mizizi, na hatupendekezi ling'olewe. Hata hivyo msikilizaji wa kawaida, akisikia "haki" na "miliki", humfikiria yule anayekimiliki kitu, yaani mnunuzi. Anayeuza mchezo anabaki na hakimiliki. Anayeununua anadhani ameipata yeye. Tukiongeza juu yake neno "kununua" mahali ambapo hakuna kinachonunuliwa, tutakuwa tumemdanganya raia mara mbili kwa lugha yake mwenyewe.

Tunapendekeza, kwa hiyo, kwamba katika mikataba na matangazo rasmi "kununua" litumike pale tu ambapo mteja anaondoka na kitu kisichoweza kuzimwa na mwuzaji. Penginepo tuseme "kulipia leseni". Neno ni refu kidogo, lakini ni la kweli.

6. Hitimisho

Wako watakaosema kwamba tunawatetea wanaonakili. Hatuwatetei. Mtu aliyekesha miaka mitatu akitengeneza mchezo anastahili ujira wake, na anayedurufu kazi yake kwa kuuza anastahili sheria. Tunalolisema ni kwamba sheria hiyo itakuwa na nguvu zaidi ikiwa imelitaja tendo kwa jina lake.

Watafsiri wanayo sababu ya pekee ya kuijali historia hii. Nchini Poland, katika miaka ya 1990, michezo iliyodurufiwa iliuzwa hadharani masokoni. Kampuni ya CD Projekt, iliyoanzishwa mwaka 1994, iliuza mchezo wa Baldur's Gate mwaka 1999 ukiwa umetafsiriwa wote kwa Kipolandi na kusomwa na waigizaji wanaojulikana nchini, ndani ya boksi lililojaa ramani na vitabu. Watu waliununua kwa wingi, ingawa nakala za bei nafuu zilikuwa zikipatikana. Yaani kazi ya watafsiri ilifanya kile ambacho makufuli mengi yalikuwa yameshindwa kukifanya.

Na yupo yule mtunza maktaba tuliyeahidi kumrudia. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 na taasisi ya Marekani iitwayo Video Game History Foundation ulionyesha kwamba katika kila michezo 100 iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010, 87 haipatikani tena madukani. Diski huoza na seva huzimwa. Maktaba zikiomba ruhusa ya kutegua vizuizi ili kuhifadhi, hupewa kwa kipimo: mwaka 2015 ziliruhusiwa kwa michezo ambayo seva zake zimeachwa, na mwezi wa Oktoba 2024 zilikataliwa ombi la kuwawezesha watafiti kuitumia michezo hiyo wakiwa mbali. Mwaka huohuo wa 2015 wakulima wa Marekani waliruhusiwa kutegua programu ya matrekta yao ili wayatengeneze. Kufuli lililoanzia katika kaseti ya mtoto limekwisha kufika shambani, na hakuna sababu ya kudhani kwamba halitafika kwetu.

Siku itakapofika, kifungu kitaandikwa kwa Kiswahili. Kikisema kwamba "mtu yeyote anayevunja kinga ya nakala ni haramia", mtunza maktaba na mkulima watakuwa wamehukumiwa na sarufi kabla ya kufika mahakamani. Kikisema kwamba "mtu yeyote anayetegua kizuizi cha kunakili kwa nia ya kudurufu na kuuza", kila mmoja atajua kama yumo au hayumo.

Tumemwandikia mfasiri wetu kumwomba radhi, na kumpelekea mapendekezo yaliyomo humu: kunakili bila idhini, kudurufu na kuhifadhi nakala, kila moja mahali pake, badala ya uharamia, kizuizi cha kunakili na kizuizi cha kutumia badala ya kinga ya nakala, kutegua badala ya kuvunja, kulipia leseni pale ambapo si kununua. Ametujibu kwamba ameyakubali matatu, ila "kulipia leseni" anaona ni refu mno kwa kitufe cha simu. Hoja yake ina uzito. Wasomaji wenye neno fupi zaidi lililo la kweli watuletee, nasi tutalijadili katika toleo lijalo.